Mreno Hataki Kusaini

Jumapili, 1 Septemba 2024

Asante Mungu, mama kaamka anadai ming'oko, vile viazi vyetu vya porini! Wiki nzima hakutaka hata uji. Nimemchemshia, amekula akashiba, kisha akanigombeza kwamba chumvi haitoshi. Ugomvi huo nilikuwa nimeumisi.

Baada ya misa tumekubaliana: Jumamosi, hapa Mkunya, kwenye uwanja wa kanisa, tutaigiza ule utiaji saini wa Lusaka. Miaka hamsini tangu Mreno akubali kuiachia Msumbiji. Nusu ya jumuiya yetu wazazi wao walivuka Ruvuma wakikimbia vita. Mwalimu Cecil atakuwa kiongozi wa Frelimo. Shida ni Mreno – hakuna anayetaka! Kila mtu ana marehemu wake.

Nimemweleza mama. Kauliza kama huyo Mleno – r haimtoki – atasaini kweli. Nikamwambia ni mchezo tu, mama. Kasema hajauliza hilo.

Jumanne, 3 Septemba

Mreno kapatikana! Twahiru, fundi cherehani wa Mkomaindo, kule Masasi. Myao, mtani wetu. Alicheka hadi simu ikakwaruza: nyie Wamakonde mnaogopa kutukanana wenyewe, basi mleteni mtani mumtukane mtakavyo. Mungu ambariki, pamoja na mdomo wake.

Alhamisi, 5 Septemba

Mazoezi. Twahiru kafika kutoka Masasi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Koti jeupe, kofia kaazima kwa mkwewe. "Kireno" chake ni Kiyao kitupu, ila anakipitisha puani! Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jioni mama kanihadithia. Kwamba mjomba Kasiani, kaka yake, alirudi ng'ambo ya Ruvuma kupigana na hakuonekana tena, hilo nalijua tangu utoto. Sikujua kwamba hakuwekewa matanga. Bibi alikataa. Alisema mwanawe ataliliwa siku Mreno atakaposaini. Siku ilipofika bibi keshakufa, mama ana mimba yangu, na watu wanacheza ngoma njia nzima. Nani atandike mkeka wa msiba siku kama ile? Ikapita. Mama hajamlilia kaka yake hadi leo.

Nikamfunika shuka. Inauma, lakini nashukuru kaniambia angali na nguvu zake.

Jumamosi, 7 Septemba

Naandika nimesimama, nyuma ya khanga tulizotundika kama pazia. Kazi yangu ni kuwakumbusha waigizaji maneno. Maneno yenyewe yameisha!

Yalikuwa yanakwenda vizuri. Watu wamejaa mpaka chini ya mikorosho. Cecil akasaini, vigelegele. Ikawa zamu ya Mreno. Twahiru akaishika kalamu, akaitazama, akaiweka chini.

"Sisaini! Nchi mtaifanyia nini nyie? Mnajua kuchonga vinyago tu!"

Watu hoi. Cecil akambembeleza, hataki. Nikamnong'oneza, saini wewe! Hataki.

Basi mama akainuka. Mwenyewe, bila kushikwa mkono. Akaenda mpaka mezani. Kicheko kikafa.

"Mtani," akamwambia, "kaka yangu Kasiani hajaliliwa. Mama alisema mpaka Mleno asaini. Na mimi nimechoka kungoja."

Twahiru akavua kofia. Nikajua sasa atasaini, tena kwa aibu. Wapi! Akavua na koti, akalikunja vizuri, akajilaza chali mbele ya meza, mikono kifuani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ndivyo mtani anavyolala kaburini, na maziko hayaendelei mpaka wafiwa wamkomboe. Huyu huyu alilala hivi tulipomzika baba.

"Sitoki," kasema, kafumba macho. "Kasiani mtani wangu. Hazikwi bure. Nataka jogoo, tena mwekundu!"

Mama akacheka. Akacheka, na katikati ya kicheko kikatoka kilio, kile chenyewe cha msibani, na kina mama wote wakampokea. Ee Mungu, asante! Asante kwa kuumba Wayao!

Hati ipo mezani, ina saini moja. Cecil ananiuliza kwa mikono afanye nini. Najuaje? Mreno kalala kaburini, na mama, machozi hadi kidevuni, kajifunga khanga kiunoni anawakimbiza majogoo wa paroko –