Pindo la Kaki

Nalufenya, Jinja
4 Machi 1973

Baba mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto la ziwa. Goti lako la kushoto linasemaje, sasa mvua zinakaribia? Bado unalisugua kwa mafuta ya taa, au hatimaye umekwenda kwa daktari? Mimi ni mzima, chakula napata, na mwenye nyumba hajanifukuza.

Uliniuliza, kwa ile sauti yako ya kuandikisha maelezo ya mshitakiwa, ni kitu gani hasa ninachojifunza huku ambacho Mama hakukijua, Mungu amrehemu. Nakujibu, afande: cherehani hatujaigusa! Mwezi mzima tunachora mistari. Mwalimu Wilkista ni Mjaluo wa Kisumu, mfupi, ana sauti ya gwaride. Anasema jicho lina njia zake, na fundi asiyezijua atashona magunia maisha yake yote. Kuna mizani: bega hili likiwa na ua, upande wa pili lazima uwe na kitu cha kulijibu. Kuna uwiano: usiligawe gauni katikati nusu kwa nusu, jicho litakosa pa kwenda. Kuna mkazo, yaani pale jicho linapotua kwanza. Kuna mdundo. Kwa ajili ya mdundo alitupeleka Wanyange tukachore mukene, wale dagaa, wanavyoanikwa safu kwa safu. Nilirudi nanuka, na Janepher, ninayekaa naye chumba kimoja, akafungua madirisha yote.

Aliposema habari za uwiano, nilimwona Mama. Amesimama mlangoni kwetu hapo laini za polisi, kwenye nyumba za askari, amevaa lile gauni la samawati, na mimi nimekaa sakafuni, macho yangu sawasawa na pindo lake. Kola nyeupe, kiuno kimepandishwa kidogo, sketi inaishia juu tu ya magoti. Wakati ule sikujua kwa nini lilipendeza vile. Sasa nimeanza kujua, na nimemkumbuka sana. Je, lipo bado? Mwisho wa mwaka tutafanya maonyesho, kila mmoja na nguo yake, na hiyo nguo ndiyo itakayoamua nani apewe cheti. Nataka kulisoma gauni lile kabla sijashona langu. Nitumie, Baba. Nitalitunza.

Binti yako,
Santa


Laini za Polisi, Mbale
25 Machi 1973

Santa mama,

Goti linakusalimu. Limeniruhusu kutembea mpaka kantini, si zaidi. Daktari sijamwona, yeye hana dawa na mimi sina subira, kwa hiyo tunaheshimiana kwa mbali. Nasimiyu, mke wa koplo jirani, aliniletea malewa juzi, yale machipukizi ya mianzi, yamepikwa kwa karanga. Nilikula peke yangu nikakumbuka mlivyokuwa mkigombania sufuria wewe na mama yako.

Gauni lipo. Liko ndani ya sanduku la bati, limefungwa kwa gazeti. Nilipolitoa nilikaa nalo kitandani mpaka ugali wa posho ukaungua jikoni. Wewe uliliona kutoka sakafuni, mimi nililijua tangu likiwa kitambaa. Tulikwenda kwa yule mzee Mhindi karibu na mnara wa saa. Mama yako Orpah akamfanya akunjue majora yote ya duka, kisha akachukua la kwanza aliloonyeshwa. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Duka lile sasa lina mwenyewe mwingine, na kwenye rafu kuna kandambili tu. Tuyaache hayo, barua hupita mikononi mwa watu wengi.

Kazi yangu unaijua tangu ile amri ya nguo fupi itoke. Nasimama stendi ya mabasi na rula, na wasichana wa rika lako wanapita mbele yangu wakitetemeka. Siipendi kazi hii, lakini nayo tuiache.

Gauni atakuletea Ouma, yule dereva wa lori anayepita huku akienda Kampala. Kuna kazi ndogo nataka ifanyike kwanza.

Baba yako,
Sajenti G. Opio


Nalufenya, Jinja
13 Mei 1973

Baba,

Natumaini hujambo. Mimi mwili ni mzima.

Ouma ameleta kifurushi. Nilikifungua mbele ya darasa zima kwa maringo, maana nilikuwa nimewasimulia wote habari za gauni la mama yangu. Baba, hiki ni nini? Chini kumeshonewa kipande cha kaki, kipana kupita kiganja changu, kwa uzi mweusi. Kaki ya polisi! Janepher alicheka akidhani ni mzaha. Mwalimu Wilkista hakucheka. Aliligeuza ndani nje, akasema pindo la asili limekatwa likatupwa.

Mama alilishona pindo lile kwa mkono. Nilikuwepo alipolirudia, sindano mdomoni, akinigunia kila nilipomgusa goti. Nilitaka kuiona mishono yake, nijue aliipanga vipi. Ndicho kitu pekee nilichokuomba tangu nije huku, na sasa hakipo.

Watoto wa watu unawapima huko stendi, sawa, ni kazi yako. Lakini mpaka marehemu, Baba?

Santa


Laini za Polisi, Mbale
10 Juni 1973

Santa mama,

Najua u mzima, kwa sababu una nguvu za kunigombeza. Mimi nipo. Mvua imeleta matope mpaka mlangoni.

Fundi ni Muzamiru wa Nakaloke. Kitambaa cha samawati hakuna Mbale nzima, nimezunguka mpaka watu wakaniuliza kama naoa. Mwisho nikampa shati langu la zamani la kazi, nikaona kaki ni kitu imara. Pindo alilikata yeye ili kipande kikae vizuri. Sikujua kwamba pindo ni kitu cha kuulizia. Kwenye kesi mimi ni mtu wa macho makali, kwenye nguo ni kipofu, mama yako alilisema hilo kila Jumapili.

Lakini nisikilize. Uliandika kwamba unataka kulisoma. Mimi nakujua. Ungelisoma wiki moja, na Jumapili ungelivaa ukaenda nalo mjini. Huko Jinja kuna kambi ya jeshi, na wale hawatembei na rula. Mwezi wa pili waliletwa wasichana hapa kituoni. Mmoja alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa, gauni limechanwa mpaka kiunoni, ameshika viatu vyake mkononi, viatu kama vyako. Nilimpa koti langu. Hakuniangalia usoni. Alilichukua kama mtu anayepewa amri.

Barua yako ilipofika, nilimwona yeye ndani ya gauni la mama yako, na usoni alikuwa wewe. Sikumpima Orpah, mwanangu. Niliogopa. Sajenti mzima aliogopa akakimbilia kwa fundi.

Nisamehe kuhusu pindo.

Baba yako,
Sajenti G. Opio


Laini za Polisi, Mbale
16 Septemba 1973

Santa mama,

Hujambo? Nauliza tena, kwa kuwa nilipouliza mwezi wa saba sikujibiwa. Ouma anasema alikuona sokoni na kwamba umekonda. Kula.

Jana nilikuwa napiga kiwi buti zangu, nikakumbuka ulivyokuwa ukinikagua asubuhi kabla sijatoka. Ulikuwa na miaka mitano au sita. Unapita mbele yangu umefunga mikono nyuma, unasema, "Afande, kifungo kichafu!" Mama yako anacheka hana nguvu. Nyumba ile ile sasa ina kimya kingi mno.

Andika. Hata kama ni ya kunitukana, nitaisoma.

Baba yako


Nalufenya, Jinja
18 Novemba 1973

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limetulia. Mimi ni mzima na ninakula, mwambie Ouma aache umbeya.

Nilikuwa nimekasirika, kisha nikaona haya, na haya ndiyo yaliyochelewesha barua kuliko hasira. Kila nilipoanza kuandika, nilimwona yule msichana na koti lako.

Nilitaka kuifumua kaki yote. Mwalimu Wilkista akanizuia. Aliweka gauni mezani akasema: hapa chini pekee, jicho linaona kiraka. Ipeleke na mahali pengine, jicho litaona mpango. Basi nimekipunguza kile kipande, na kilichobaki nimekitia kwenye mkanda na kwenye ukingo wa kola. Vifungo nimevivisha kaki pia. Sasa jicho linaanzia shingoni, linashuka kiunoni, linafika chini bila kujikwaa. Gauni linapita goti, kwa hiyo hakuna kesi. Nimeamua hilo ndilo litakalokuwa nguo yangu ya maonyesho. Si jipya, lakini mwalimu amekubali, kasema kulifanya lipatane lilikuwa kazi kubwa kuliko kushona jipya.

Maonyesho ni Jumamosi, tarehe 8 Desemba, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Nalufenya. Sijui kama utapata ruhusa, ila nakuomba uje. Cheti nitakipata au nitakikosa, lakini nataka wewe ulione.

Binti yako,
Santa


Laini za Polisi, Mbale
10 Desemba 1973

Santa mama,

Nimerudi salama, goti tu limevimba. Natumaini na wewe ulirudi nyumbani salama. Ndiyo, nilikuja.

Nikueleze nilivyovaa. Nilipiga pasi kaki yangu nzuri na kung'arisha kila kifungo. Suti sina, lakini si hilo. Siku mama yako alipolivaa gauni lile mara ya kwanza ndiyo siku tuliyofunga ndoa. Nilikuwa konstebo, sina kitu, nikasimama kando yake na kaki ya serikali. Watu walisema tunapendezana kweli. Nikajiambia, leo nitasimama tena kando yake hivyo hivyo.

Nilipofika mlangoni, mtu akapiga kelele, "Polisi!" Viti vikaanguka. Nikasikia mlango wa nyuma, watu wanasukumana, mmoja analia. Nikapaza sauti, "Jamani, ngojeni, mimi ni baba wa mtoto!" Lakini nilisema kwa Kiswahili, ambacho huku kwetu ni lugha ya wanajeshi, na siku hizi Kiswahili kikitoka kwenye kinywa cha mwenye kaki, nani atasubiri kusikia mwisho? Wakazidi kukimbia.

Nikabaki na nguo zilizotundikwa. Nilivua kofia. Nilizipita zote, na lako nililijua kabla sijalifikia. Jicho langu lilianzia shingoni likashuka kama ulivyosema, nami ni kipofu wa nguo. Ni zuri, Santa. Orpah angelipenda. Nilikaa kwenye kiti kando yake mpaka mlinzi wa kanisa aliponiambia, kwa woga, kwamba anataka kufunga.

Sikukuona, kwa hiyo najua ulikimbia na wenzako. Kama askari nasema umefanya vizuri. Kama baba, nangoja barua yako.

Baba yako


Nalufenya, Jinja
14 Desemba 1973

Baba yangu,

Weka goti juu ya mto na usilishushe mpaka umemaliza kusoma. Mimi ni mzima.

Nilikimbia. Nilikuwa karibu na mlango wa nyuma, nikatoka wa kwanza, nikalala kwenye shamba la mihogo na Janepher amenishika mkono. Nilisikia mwanamume akipaza sauti ndani, "Mimi ni baba wa mtoto." Nikafikiri, huu ni mtego. Baba, sikuijua sauti yako. Nimelia kwa hilo tangu barua yako ifike, na siyo kosa lako wala langu, lakini nimelia.

Wakaguzi wa mitihani, waliokimbia pamoja nasi, walirudi Jumatatu, nikapata cheti. Waliandika kwamba nguo yangu ina umoja. Ningefurahi kukisoma cheti hicho mbele yako.

Nakuja Krismasi. Nitashuka stendi ya Mbale Jumamosi tarehe 22, na nitakuwa nimelivaa gauni la Mama. Najua utakuwa zamu, na najua stendi huwa na watu na kelele na hofu. Usiondoke hapo, wala usivue kaki. Ukiniona, niite kwa nguvu zako zote. Safari hii nitageuka.

Binti yako,
Santa