Kokoto Chini ya Dishi

Jumamosi, 5 Julai
Nimefuta dishi, nimeng'oa majani, nimeandika kwenye daftari. Kila Jumamosi ni hivyo tangu mtaalamu wa maji alipotoka Kasulu akaliweka karibu na kisima cha pampu. Si dishi la televisheni. Ni mabati matatu yaliyounganishwa kama kona ya nyumba, juu ya kipande cha zege. Satelaiti ikipita hutuma mawimbi ya rada, mabati yanayarudisha. Hivyo ndivyo wanavyojua kama ardhi inadidimia kwa kuvutwa maji mengi. Mwalimu wa Jiografia alinichagua kwa sababu mimi ni mwangalifu. Vijana wa bodaboda wananiuliza linashika mechi gani. Mimi naendelea kufuta.

Jumamosi, 19 Julai
Dishi limeinama upande wa pampu. Niliona aibu, kama vile mimi ndiye niliyelisukuma. Nimechukua pima maji ya Baba, ile ya kunyooshea kuta, kwenye mfuko wake wa uashi. Nikanyanyua zege kwa mtaimbo, nikaingiza kokoto chini mpaka kipovu kikakaa katikati. Limenyooka. Nimefurahi sana.

Jumapili, 10 Agosti
Jana kokoto tena. Mara ya tatu. Malori ya maji yanapanga foleni tangu alfajiri.
Ukuta wa Mama Yosia, jirani yetu, umepasuka kutoka dirishani hadi chini. Baba ndiye aliyemjengea. Baada ya ibada alikwenda kuutazama, akaingiza kidole kwenye ufa. Hakula mchana.

Ijumaa, 22 Agosti
Mkutano wa kijiji. Mtaalamu alituonyesha ramani kwenye kompyuta yake. Mashambani mimea hubadilika kila wakati, rada haioni vizuri, kwa hiyo hapa kwetu anategemea dishi. Likishuka, ardhi imeshuka. Halijashuka, alisema. Pampu iendelee. Kuhusu nyufa, watu wakaangalie misingi yao.
Wote wakamgeukia Baba. Mmoja akasema, "Fundi Rafaeli, saruji ile uliiweka au uliinywa?" Wakacheka. Baba alivua kofia, akaikunja mara mbili.
Nilikuwa nyuma kabisa. Nilielewa palepale. Dishi lilikuwa linashuka na ardhi, na mimi nilikuwa nalipandisha. Mdomo haukufunguka. Mimi ni mwoga.

Jumatano, 27 Agosti
Wazee wa kanisa wamempa fundi mwingine kazi ya madarasa waliyomwahidi Baba. Baba amelala mchana. Sijawahi kumwona akilala mchana.
Nimeandika barua kwa mtaalamu. Nimeichana.

Jumapili, 31 Agosti
Ukuta umeanguka. Hakuna aliyeumia. Mama Yosia amehamia kwa mwanawe anayeishi Muyama. Alipopita na godoro lake kichwani alisimama, akanishika shavu. "Soma, mwana wanje," alisema kwa Kiha, yaani mwanangu. Bora angenipiga.
Jioni nikamwambia Baba. Nikampa daftari. Aligeuza kurasa polepole. Tarehe zote zipo, na unene wa kokoto nilioupima kwa rula.
"Siku ya mkutano ulikuwa unajua?"
"Nilikuwa najua."
Akafunga daftari, akanirudishia.

Alhamisi, 4 Septemba
Mtaalamu amekuja. Nimesoma daftari kwa sauti mbele yake na mwenyekiti wa kijiji. Baba alisimama kando. Mtaalamu alichomoa kokoto zote akazipima, kisha akachuchumaa muda mrefu akiangalia zege. Alisema kosa la kwanza ni lake, hakuniambia nisiliguse. Lakini siku tisa za kunyamaza ni zangu. Ni kweli. Kuanzia sasa pampu itafanya kazi asubuhi tu. Mwenyekiti amesema atawaeleza watu kwamba msingi haukuwa na tatizo. Sijui wangapi watamsikiliza. Kucheka kulikuwa rahisi zaidi.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimefuta dishi. Nimeng'oa majani.
Baba amepata kibarua Kibondo mjini. Kanisani hawajamwita. Pima maji amekwenda nayo. Kwa Mama Yosia umebaki mlango, umesimama peke yake kwenye fremu.
Dishi limeinama kidogo upande wa pampu. Nimeandika hivyo. Sikuligusa.