Oda ya Sabuni Aliyorudi Nayo Wifi

Shoga, acha ulichoshika. Wifi yangu kaaibishwa ofisini sasa hivi, mbele yetu sote!

Si unajua kampuni yetu ya hoteli ilimpeleka ng'ambo ya mpaka kujitolea, awasaidie kina mama wa kikundi cha sabuni? Leo karudi. Makofi, keki, picha yake ukutani kubwa kama mlango.

Yeye, masikini, kasimama: "Bosi, lori la kuchukua sabuni zao linaenda lini?"

Bosi: "Sabuni gani tena?"

Sabuni gani! Na ni bosi huyo huyo aliyewaambia kina mama kwenye simu ya video, "Pikeni, hoteli zetu zote zitanunua." Wifi akawaapia kwamba bosi wake si mtu wa maneno mawili.

Bosi eti, "Nilikuwa nawatia moyo tu, mama."

Kuwatia moyo! Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, si nalinda mshahara.

Wifi katoka hadi koridoni, kampigia mwenyekiti wa kina mama. Nilikuwa nyuma yake, nasikia yote.

"Mama, acheni kupika."

"Tumeshamaliza, mwanangu. Zimejaa mpaka vitandani, watoto wanalala chini. Tunakusubiri wewe tu."