Mkono Wangu na Mashine ya Riziki

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Tena nyekundu. Asubuhi nasikiliza dakika kumi, saa sita dakika kumi, saa kumi dakika kumi. Njo kazi yangu sasa. Fundi wa radio miaka arobaini, nalinda taa. Kwenye kaye ya binti yangu Riziki, daftari ya mashine yake, nimeandika: nyekundu, nyekundu, nyekundu. Hii kaye ingine ni yangu. Hapana mutu wa kuisoma.

Mashine binti yangu aliitengeneza mwenyewe, kwenye shule yake ya Lilongwe. Moja aliitundika kwenye paa ya kanisa, inatuma wimbo wa kwaya. Ya kupokea iko hapa juu ya meza yangu. Ikisikia muzuri, taa ya kijani. Sauti ikikatika, nyekundu. Jumatatu ijayo mwalimu wake anakuja hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, kuisikiliza. Ikikatakata, Riziki ameanguka mtihani, burse yenye inamulipia shule imekwisha, anarudi hapa kuuza samaki ya usipa.

Aliniambia, "Papa, usiiguse. Uandike tu."

Fundi gani haigusi mashine? Nilishika antene kidogo tu.

Jumanne, tarehe 5

Nyekundu. Nikashika antene kwa mkono, nikaipandisha juu ya kichwa, nikageuka pole pole namna najua mimi. Kijani ikakuja kidogo. Ikapotea. Nikaifuata. Ikapotea tena. Dakika kumi nzima nazunguka na ile waya kama mlevi.

Kule Uvira, wakati wa vita, avenue yetu nzima ilisikia habari za radio kwa nguvu ya huu mkono. Njo bananiita Mzee Antene. Hakuna radio ilinishinda. Hakuna! Radio yenye haiheshimu mkono wangu ni mbovu.

Nsima, ugali ya hapa, nimeiacha kwa sahani.

Jumatano, tarehe 6

Nyekundu mara tatu. Kalisa, yule Mnyarwanda mshonaji mwenye anashonea mbele ya mlango wangu, aliniona na antene juu.

"Mzee Antene, leo unabariki nani?"

"Nabariki masuruali yako, yasipasuke tena kwa matako ya bantu."

Bantu bakacheka. Mi sikucheka. Kama mashine itaanguka, itaangukia kwa meza yangu, na Kalisa ataimba mpaka Krismasi.

Jioni Riziki akapiga simu kutoka Area 25 ya Lilongwe, fasi anapanga chumba. Nikamusomea kaye yote. Kiisha akauliza, "Papa, umeigusa?"

"Sijaigusa."

Nimedanganya. Basi. Angejua nini yeye, alizaliwa wakati mi niko tayari fundi.

Alhamisi, tarehe 7

Amekuja na minibasi ya asubuhi, hakukula kitu. Akafungua kompyuta, akanieleza, mi sikuuliza. Ati wimbo unakatwa vipande mingi, kila kipande kinapanda wimbi lake dogo. Mawimbi yanatembea pamoja. Njiani yanagonga mabati ya bantu, mengine yanachelewa, yanakuja yamepinda. Mashine inapima hiyo njia kwa alama inazojua, kiisha inanyoosha kila wimbi peke yake, hesabu moja fupi. Mashine za bei kali zinapima njia bila kupumuzika, lakini zinakula bateri. Yake inapima mara moja kwa dakika, kiisha inaamini ile njia mpaka dakika ingine. Njo uzuri wake. Kibateri kidogo, siku nzima.

"Lakini kaye inasema nimekosea," akasema. "Labda njia ya hapa inageuka haraka kuliko nilifikiri."

Akaweka ile hesabu nzito ya kupima kila mara. Sauti ikatulia kidogo, haikukatika. Bateri ikakufa kabla ya chakula cha saa sita. Na mwalimu alisema kibateri kidogo, siku nzima, hapana ingine.

Alilia akiangalia ukuta. Mi nikatukana mwalimu, nikatukana mabati, nikatukana kampuni yenye ilifanya ile bateri. Nilikuwa na hasira ya kupiga mutu.

Ijumaa, tarehe 8

Riziki alienda kanisani kuangalia ile ya paa. Ya mezani aliiacha imerudi kwa hesabu yake nyepesi, ati ailinganishe mara ya mwisho. Mi niko na radio ya mteja, Mama Chantal, nimeifungua tumbo. Mkono mumoja chuma cha moto, mwengine risasi ya kuunganisha. Hakuna mkono wa antene.

Kijani.

Nikaendelea na kazi. Kijani. Nikamaliza waya tatu. Kijani.

Nikaamka kwa kiti, nikashika antene. Nyekundu hapo hapo. Nikaiacha, nikaenda mbali. Haikupita dakika moja, kijani. Nikarudia. Nikarudia tena, juu mi ni kichwa ngumu.

Nikakaa chini. Mashine inapima njia, inaamini. Kitu kikipita, nyekundu kidogo, dakika ingine inapima tena, inapona. Lakini mi naamka, nasogeza njia. Inanyoosha mawimbi kwa njia ya zamani, yanapinda zaidi. Nyekundu inaniita, nami nasogeza tena. Siku tatu.

Riziki alirudi amechoka, akasema kesho atafuta kazi yake yote aanze ingine. Nikamuambia kuna chai.

Mimi ni mwoga. Naiandika hapa.

Jumamosi, tarehe 9

Kusema nilishindwa. Kabla hajaamka nikaandika kwenye kaye yake, herufi kubwa: ILE NYEKUNDU NI MKONO WANGU. NILIDANGANYA KWA SIMU. USIFUTE.

Nikaiweka juu ya kompyuta, nikaenda kusimama kwa Kalisa kama mutu mwenye anangoja suruali.

Akatoka na kaye. "Kila siku, papa?"

"Kila siku."

Kalisa akaacha kukanyaga mashine yake asikie vizuri. Riziki hakupiga kelele. Heri angepiga. Akarudi ndani. Lakini hakufuta.

Jumatatu, tarehe 11

Mwalimu alikuja. Mmalawi, mama mwenye miwani, mpole. Bantu bakajaa mlangoni. Wimbo ukatoka mzima. Ubeti wa pili, sikuwahi kuusikia.

Lori ya mahindi ikakuja, ikasimama hapo njiani. Nyekundu. Bantu bote bakaniangalia. Mikono yangu iliruka peke yake. Nikaikalia, mikono miwili chini ya matako, vidole vinauma.

"Mzee, saidia!" Kalisa akaita, yule mshenzi.

Nikakaa. Lori bado imesimama. Ilikuwa dakika ndefu kuliko zote za maisha yangu.

Kijani.

Mwalimu akaandika, akaandika, akamushika Riziki mkono. Amepita mtihani.

Jumanne, tarehe 12

Riziki amerudi mjini. Nilimubebea begi mpaka kwa minibasi. Mashine ameniachia mpaka mwisho wa mwezi. Alisema, "Sasa unaweza kuigusa, papa." Alikuwa anacheka kidogo.

Upepo kidogo leo. Nimemaliza radio ya Mama Chantal. Kwaya inaimba pale mezani.

Sijaigusa.