Kitambaa Machoni

Mwaya, Kyela
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Eliud,

Ugonile. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe, wifi Teddy na watoto. Sisi hatujambo kiasi. Mpunga tumevuna, ingawa mvua ilizidi. Kifua cha shangazi Dorothea kimepoa. Macho ya Baba ndiyo yamekwisha kabisa, sasa hata mwanga wa taa hauoni.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Barua huwezi kuikata.

Unakikumbuka kile kipindi cha Kitambaa Machoni? Huwezi kukisahau, maana kila Jumamosi ulitutangulia kwa mzee Nsajigwa kugombea mkeka wa mbele, na televisheni yenyewe ya kuwashwa kwa betri ya gari, picha inacheza mpaka kichwa kinauma. Waulizaji wanne wanafungwa vitambaa, anaingia mgeni maarufu, anabadilisha sauti, na haruhusiwi kujibu zaidi ya ndiyo au hapana. Kila hapana, mtangazaji anageuza kadi moja. Kadi zikifika kumi hawajamtambua, mgeni ameshinda.

Baba akauleta mchezo ule nyumbani. Alijifunga kanga ya Mama machoni, sisi tukawa wageni. Wewe sauti ulikuwa unaibana puani kama bata. Alikuwa anakujua kwa jibu la kwanza tu, lakini anauliza upuuzi makusudi, eti wewe ni mkuu wa mkoa, eti una ndevu, mpaka kadi ziishe ushinde. Na sheria ya kwetu ilikuwa kwamba mchezo ukiisha, mgeni anampa Baba mkono na kukaa kando yake.

Sasa nikuambie ya Alhamisi. Hezroni wa bodaboda alikuja na mfuko wenye koti, redio na sukari. Akasema ametumwa, na aliyemtuma hataki kutajwa. Mimi nilishajua, maana watu walikuona Kyela mjini na wenzako wa kununua kakao. Nikanyamaza. Baba akajiweka sawa kitini, akacheka kidogo, akaanza.

Aliyekutuma namfahamu? Ndiyo. Ni mwanamume? Ndiyo. Amekulia nyumba hii? Hezroni akanitazama, akajibu ndiyo. Yuko Kyela sasa hivi? Ndiyo. Hapo Baba akawa anapapasa vifungo vya shati lake, avifunge vizuri. Akauliza, atakuja?

Hezroni akasema hapana.

Kadi moja tu, Eliud. Baba akasema, "Basi ni Eliud," akanyoosha mkono kama sheria ilivyokuwa. Hezroni wa watu hakujua afanye nini, akampa wa kwake. Baba aliushika muda mrefu, na alijua kabisa si wako.

Una roho gani wewe? Mwenye gari kutoka mjini mpaka hapa hata chai haipoi. Kama ulikuwa unaogopa kuyaona macho yake, yeye mwenyewe asingekuona unavyoogopa. Nimekasirika, na siombi radhi. Sukari tunaitumia, ndaga, asante yako hiyo. Koti liko msumarini, hajaligusa, na redio hataki iwashwe.

Shangazi Dorothea anakusalimu, na Ambwene wangu anamsalimu mjomba wake ambaye hamjui. Wifi mpe salamu zangu nyingi, yeye sina ugomvi naye.

Baba nilimuuliza kama ana neno la kukuandikia. Akasema hapana. Nikamuuliza, basi nimwambie asije tena? Akageuza uso ukutani, akasema hapana.

Mungu akulinde, na usingizi akunyime kidogo.

Dada yako, akupendaye kwa shida siku hizi,
Beatrice