Msalaba wa Babu Kwenye Kwikuru Isiyo Yetu

Mtaa wa Cheyo,
Tabora.
9 Novemba, 2025.

Mpendwa Shangazi Eustadia,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na baridi ya huko Njombe imekuacha upumue kidogo? Sisi wazima, Minza na watoto pia. Mvua zimeanza na wenye mashamba wanapanda. Mimi peke yangu ndiye sina raha.

Shangazi, nimetuaibisha. Lile kaburi nililolisimikia msalaba mwezi uliopita si la Babu.

Uliponiambia baba yako alizikwa Kwikuru, karibu na boma la mtemi, sikukuuliza Kwikuru ipi. Mtoto wa mjini mimi, naijua hii moja tu iliyo jirani na Tabora, ambako wageni hupelekwa kupiga picha. Kumbe kila mtemi alipoweka makao, watu walipaita Kwikuru. Yetu iko kule upande wa Ziba. Hapa nikaona kaburi la mawe lisilo na jina, nikajifanya mjuaji.

Aliyelala pale ni mama yake Mzee Nassibu, mwenyeji wa pale, mwanamke wa Kiislamu. Juzi mzee alikwenda kumsomea dua, akamkuta ana msalaba na jina la Babu, Damas. Alinitafuta mpaka nyumbani. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema tu, "Mwanangu, hata kuuliza?" Tulikwenda pamoja, nikaung'oa huku yeye akishika upande wa pili. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Lakini linaloninyima usingizi ni ile simu. Niliiweka juu ya kaburi ukaongea na baba yako, ukalia, ukamwomba msamaha kwa kutokuja kumzika. Yote yale ulimwambia mama wa watu! Nilipomweleza Mzee Nassibu, alisema mama yake hakuwa na moyo wa kumnyima mtu msamaha.

Jana nilifika Ziba. Bibi Kabula, jirani yenu wa zamani, alikuwepo siku ya maziko, naye amenionesha kaburi lenyewe. Majani yalikuwa yamelifunika, nikafyeka. Msalaba nimeuacha kwa katekista, maana sina uso wa kuusimika tena bila wewe.

Nisalimie wanao, Valentino na Shukrani, uwaombe wakupandishe basi goti likipoa. Mungu akutie nguvu za safari hiyo. Kwa Babu sikufungua mdomo, shangazi. Yale maneno yako hajayasikia.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye ingawa nimeinamisha kichwa,

Kornel