Ngoro za Bibi Chini ya Karakana

Dodoma, Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, goti limepunguza kuuma, na Mama amemaliza kuanika maharage bila kile kikohozi chake. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako, Baba, unaiweka sauti ya juu mpaka jirani wa ng'ambo ya mto anaitikia salamu zangu, na jambo hili nataka lisikike kwanza nyumbani. Barua nimeituma kwa basi. Mdogo wangu Kandida ataipokea stendi ya Kitai na kukusomea kama kawaida yenu.

Wiki iliyopita hapa ofisini nilipewa mchoro wa chuo cha ufundi kitakachojengwa kwetu. Wahandisi wakishachora, mimi ndiye ninayesahihisha mistari kwenye kompyuta kabla mkandarasi hajapelekewa. Nilifurahi, nikawaita wenzangu waone bweni la wasichana litakavyokaa pale kwenye mibuni ya zamani. Kisha nikaiona karakana ya kuchomelea vyuma, jengo zito kuliko yote. Imewekwa juu ya shamba la Bibi, na pembeni pameandikwa kwamba ardhi ni tambarare na imara.

Baba, pale hapajawahi kuwa tambarare. Tulilima ngoro pale tangu sijaanza shule. Tulifyeka nyasi, tukazilaza kwa miraba, tukazifukia kwa udongo, na katikati yakabaki mashimo ya kunywa maji ya mvua. Bibi alikuwa akisema bila yale mashimo mteremko wote ungeshuka mpaka jikoni kwake.

Nakumbuka ulivyonipigia wapima ardhi walipokaribia kuja. Ulikuwa umeita watu, Mama akapika pombe, na kwa siku mbili mkafukia mashimo yote ili wageni wasikute shamba lina mabonde mabonde. Uliniambia sasa hata mpira unachezeka. Nami nilicheka, nikakupongeza, mjinga mimi! Wageni wakakuta uwanja. Udongo wakaupima kando ya njia, gari lilipoishia, na pale ni pagumu kweli. Hawakuuliza, nanyi hamkusema. Sidhani kama mlikuwa mnaficha. Mlipokea wageni, kama mtu anavyofagia uwanja wake.

Tangu hapo nawaza mvua kubwa, udongo mlegevu na zile nyasi zinazooza chini, ukuta unapasuka na vijana wamo ndani wameinamia mashine. Hata hivyo nilikaa siku nne kimya. Niliogopa kupoteza kazi yangu. Nikaogopa zaidi jina lako kuchafuka, kwamba watasema uliwapotosha. Na niliogopa wenzetu wa Tingi, maana wao wana eneo lao tayari, na hapa kila mtu anajua kwetu pakiwa na shida chuo kitahamia kwao.

Ijumaa nikamwendea mhandisi mkuu, mama mmoja asiye na maneno mengi. Nikamweleza yote, pamoja na zile siku mbili za kufukia. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Nani anajua mashimo yalianzia wapi na yaliishia wapi?"

Nikamjibu, "Baba yangu."

Amesimamisha mchoro. Hakusema kama chuo kitabaki au kitahama, nami sikuthubutu kuuliza. Anakuja huko wiki ijayo. Nakuomba, Baba, usimwambie ardhi ni ngumu. Chukua jembe, mpeleke katikati ya shamba la Bibi, mchimbe mpaka zile nyasi zionekane. Watu wakikulaumu, waambie ni mimi niliyesema.

Kandida, mdogo wangu, najua ukifika hapa sauti itapungua. Tangu umalize kidato cha nne unakingoja chuo hiki usomee umeme, na bisibisi zako umeshazifungia kwenye kitambaa. Kikienda Tingi itabidi ukapange mbali na nyumbani, na huenda Baba asikubali upesi. Nikasirikie, sitakulaumu. Lakini msomee Baba kila neno, na haya pia.

Nisalimie Mama, mwambie asilie. Msalimie mjomba mwenye mashine ya kukoboa, na shangazi anayetuletea dagaa kutoka ziwani. Katekista wetu aniombee, ila msimwambie kwa nini.

Mwanao uliyemfundisha kulaza nyasi,

Xaveria

Kandida, lile jembe la mpini mpya ndilo linalofika chini. Mpe Baba hilo.